Ubuyu wetu na kiseyeye cha Wareno

Hebu niwaulize: mara ya mwisho kumung'unya ubuyu mweupe, ule wa kutoka kwenye buyu lenyewe, ilikuwa lini? Si ule mwekundu wa dukani. Wengi wetu hata hatukumbuki.

Watu wakisema historia ya Lamu, wanataja misikiti na milango ya nakshi. Sawa, lakini miti je? Nenda Manda, pale magofu ya Takwa, mji ulioachwa karne ya 17. Watu walihama, mibuyu bado ipo.

Sasa sikilizeni. Januari 1499 Vasco da Gama alikuwa akirudi kutoka India. Mabaharia wake walikuwa wamevimba ufizi na miguu, na kama 30 walikufa baharini kwa kiseyeye. Walipopita huku kwetu, mashua za Pate ziliwatokea, wakafyatua mizinga, wakaenda zao. Walipofika Malindi, wagonjwa wakalilia machungwa. Mabaharia waliobaki walikuwa wachache hivi kwamba meli moja, São Rafael, ilichomwe moto tu.

Kiseyeye ni ukosefu wa vitamini C, yaani asidi askobiki. Gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 50. Gramu 100 za unga wa ubuyu mara nyingi hupita 150, kutegemea mti na udongo. Ni kweli ubuyu ni mkavu na chungwa limejaa maji, kwa hivyo si mashindano ya haki. Lakini ukavu ndio faida yenyewe: haliozi haraka, unaweka safarini. Ongeza kalsiamu, pektini, na asidi sitriki ile inayokukunja uso.

Bibi yangu alikuwa akiukoroga kwenye maji baridi, basi. Sisi tunauchemsha na sukari na rangi. Vitamini C haipendi moto. Tunabaki na utamu na ulimi mwekundu.

Wenzetu wameamka. Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008. Mwaka 2022, mibuyu mizima iling'olewa Kilifi ipelekwe Georgia, hadi Rais akaagiza uchunguzi.

Maoni yangu: tusingoje ubuyu uturudie ndani ya kopo la bei ghali. Wewe una mzee nyumbani? Muulize leo alikuwa akila nini msituni, uandike. Akiondoka, anaondoka nayo.