'Irqun-Nasaa: Usijifungie Kitandani



Ndugu yangu wa Mbagala, wa Tandika, wa Manzese, wewe ambaye maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kalioni na kushuka nyuma ya paja mpaka unyayoni kama moto: hujarogwa. Waarabu waliuita ugonjwa huu 'irqun-nasaa. Wafasiri wa Qur'an, katika Aal 'Imraan aya ya 93, wamepokea kutoka kwa Ibn 'Abbaas kwamba ulimtesa Nabii Ya'quub (a.s.) hadi akaweka nadhiri ya kuacha chakula alichokipenda mno.

Ibn Sina aliuandika katika Qanuun, karne ya 11. Zahrawi wa Andalusi aliuchoma kwa chuma cha moto (shukuru umezaliwa leo). Mwaka 1934 Mixter na Barr, madaktari wa Boston, wakaeleza kwamba diski iliyo kati ya pingili za mgongo ikichomoza, huubana mshipa wa fahamu.

Kwa miaka mingi mgonjwa aliambiwa: lala, usitikisike. Mpaka leo tunawaambia hivyo wazee wetu. Na mbeba mizigo wa Tandika akilala wiki mbili, watoto wanakula nini?

Sasa tazama. New Zealand, 1956, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa akalale kifudifudi, akaenda kumhudumia mwingine. Kumbe kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwani! Aliporudi akashtuka kumkuta mtu amepinda mgongo kinyumenyume. Lakini mgonjwa akasema mguu hauumi tena, maumivu yamebaki kiunoni tu. Hapo ndipo McKenzie alipoanza kujenga njia yake: zoezi likiyapandisha maumivu kutoka mguuni kurudi kiunoni, endelea nalo, likiyashusha zaidi, liache.

Mwaka 1999 Waholanzi wakatoa matokeo ya wagonjwa 183. Kundi moja lililazwa wiki mbili, jingine liliendelea na shughuli kadiri ya uwezo. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa na nafuu. Kulala hakukuongeza kitu.

Basi tembea kidogo kidogo, ndoo ya maji mwachie mwingine, na hospitali ya Temeke au Mwananyamala ulizia fiziotherapia. Hijama sikukatazi. Ila unyayo ukilegea, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukagoma au kukutoka wenyewe, usisubiri kuche. Nenda hospitali usiku huo huo.