Mizani ya Santuri

Wazee wetu walipoletewa mashine iimbayo, hawakuipa jina la sanduku wala la ghala. Waliiita kinanda, na ile sahani yake nyeusi wakaiita santuri. Majina yote mawili ni ya ala za nyuzi: kinanda tunakikuta katika tungo za kale kikipigwa kwa vidole, na santuri hadi leo hupigwa kwa vijiti huko Uajemi na Iraki. Huenda walifananisha tu. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kupima maneno, naona walitamka jambo ambalo wengine walilifikia baadaye sana, kwa njia ndefu iliyopitia Osaka na New York.

Santuri ina mizani kama lilivyo shairi, na mizani yake ni kasi. Sauti iliyochorwa katika ule mfereji mwembamba haina kimo chake yenyewe. Huwa juu au chini kwa kadiri sahani inavyozungushwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurikodi nyimbo zake kwa kampuni ya Gramophone, zile santuri za shelaki zilikusudiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika, au karibu na hapo, kwani kasi hiyo haikuwa imeshika mahala pamoja viwandani kote. Na nyumbani zilipigwa kwa vinanda vya kuvutwa kwa mkono. Chuma cha ndani kikichoka, mwimbaji naye huchoka, sauti ikazama kabla ya beti za mwisho. Tofauti baina ya mizunguko 78 na 80 yaonekana ndogo, walakini hunyanyua sauti kwa takriban robo, na robo hiyo katika taarabu si kitu cha kupuuzwa. Rasti na bayati husimama juu ya hizo robo. Kinanda kikikosea kasi kwa kudumu, humhamisha mwimbaji mzima mzima. Kikiyumba, humvunja makamu yake njiani.

Umeme ulikuja kuondoa uchovu wa chuma, lakini ukaleta taabu ya mpira. Mota za kawaida hukimbia mno, ilhali sinia linalobeba santuri linatakiwa litambae: mara thelathini na tatu na thuluthi kwa dakika, au 45. Ikabidi pawepo kitu cha kupunguza mbio baina ya viwili hivyo, ama gurudumu la mpira ama mkanda. Gurudumu huhamisha mtetemo wa mota hadi kwenye sindano. Mkanda ni mpole zaidi, lakini hulegea, hunyooka, na katika joto letu la pwani huishia kunata kama ubani uliotafunwa.

Mhandisi Shuichi Obata na wenzake wa kampuni ya Matsushita, huko Osaka, waliamua kuuondoa mpira kabisa. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilitoa, kwa jina la Technics, kinanda kilichoitwa SP-10, cha kwanza cha aina yake kuuzwa, ambacho mota yake ilikaa chini ya sinia na kuliendesha moja kwa moja. Ugumu haukuwa katika kuziunganisha sehemu mbili. Ugumu ulikuwa katika kuifanya mota izunguke polepole bila ya kugugumia, maana mota iendayo pole hupenda kwenda kwa vishindo vidogo vidogo, kama msomaji asiyejua pa kuvuta pumzi. Dawa yake ilikuwa ni mizunguko ya kielektroniki inayopima mwendo na kuurekebisha papo kwa papo. Katika vinanda vya Technics vilivyofuata, kikiwemo kile mashuhuri cha mwaka 1979, SL-1200MK2, sinia lenyewe likawa ni sehemu ya mota: sumaku imefungwa chini yake, na koili zimelala mwilini mwa kinanda. Mwendo wake huamriwa na fuwele ya kwatsi, na kuyumba kwake, kwa kipimo cha watengenezaji, ni asilimia 0.025.

Kinanda cha kwanza chenye jina la SL-1200 kilitoka mwaka 1972, nacho kilikusudiwa bwana mstahiki akae kitini asikilize muziki wake kwa utulivu. Vijana wa Bronx hawakuwa na kiti hicho. Tarehe 11 Agosti 1973 Clive Campbell, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyejiita Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ya dada yake kwenye jengo la Sedgwick Avenue. Hunari yake aliyokuja kusifika kwayo ni kutumia vinanda viwili na santuri mbili za wimbo ule ule, akikirudia kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake, kila upande ukipokezana na mwenziwe. Joseph Saddler, yaani Grandmaster Flash, aliyeipima kazi hiyo kwa makini ya fundi, alizaliwa Barbados. Sisi wa visiwani tuna haki ya kuyataja hayo. Katikati ya miaka ya 1970 kijana Theodore alianza kuikwaruza santuri kwa mkono, mbele na nyuma, na mkwaruzo ukawa ni muziki. Kinanda cha mkanda hakivumilii mchezo huo. Cha mota ya moja kwa moja huzuiliwa kwa kiganja, huachiwa, na kwa chini ya sekunde moja kimeshika tena mwendo wake. Hapo ndipo mashine ilipokuwa ala, kama majina yetu yalivyokwisha kusema.

Kampuni ilisimamisha utengenezaji mwaka 2010, baada ya kuuza zaidi ya milioni tatu na nusu, kisha ikaurejesha mwaka 2016 kwa bei isiyomwelekea mshairi. Kwa hivyo sisi wengine tunaishi na vikongwe. Anayekipata kilichotumika Japani aangalie kwanza kibandiko cha nyuma: umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230, na wengi wamesikia harufu kabla ya muziki. Baada ya hapo, maradhi yake si mengi. Kapasita hukauka kwa umri na hubadilishwa kwa bei ya mkate. Risasi iliyolehemu nyaya hupasuka ufa usioonekana ila kwa miwani ya fundi wa saa. Kile kidude kisogezwacho kurekebisha kasi hujaa vumbi, na sinia likaanza kusitasita. Spiriti na subira humaliza. Ekseli hutaka tone la mafuta, nalo ni tone kweli. Zima umeme kabla ya kulinyanyua sinia, na usiliweke penye vumbi la chuma, kwani sumaku haichagui.

Kinanda changu hakina kasi ya 78. Santuri za shelaki huzipiga kwa 45, kwa sindano nene iliyokusudiwa mifereji yao mipana, kisha huipandisha kasi ndani ya kompyuta. Na hapo huzuka swali ambalo fuwele haiwezi kulijibu: nipandishe hadi wapi? Siti alifariki mwaka 1950, na masikio yaliyomsikia yeye na wa zama zake wakiimba barazani yamekwisha kuwa machache mno. Nilimtayarishia mzee mmoja, mpiga kanuni wa siku nyingi, santuri moja ya taarabu ya zamani kwa kasi tatu, bila ya kumtajia namba. Ile ya 80 hakuimaliza. "Mwanangu," akasema, "huyo mnamkimbiza." Ya 78 aliisikiliza kimya. Ya 76 akainua kidole, akaomba irudiwe toka mwanzo, na safari hii akaitekenya kanuni yake polepole akitafuta uzi wa kuanzia.