Uongozaji wa kreni na magari katika ujenzi

Uongozaji wa kreni na magari katika ujenzi ni kazi ya kumpa opereta au dereva maelekezo kwa mikono, redio au sauti pale ambapo yeye mwenyewe haoni mzigo, njia au watu waliomzunguka. Anayeifanya huitwa mtoa ishara au mwelekezaji. Kwenye saiti ndogo za Afrika Mashariki mara nyingi hana cheo, na kazi humwangukia utingo, nyapara au kibarua yeyote aliye karibu.

Kwa nini inahitajika

Opereta wa kreni ya mnara hukaa kwenye kibanda makumi ya mita kutoka ardhini. Fungu la nondo likishavuka ukingo wa slabu na kuanza kushuka upande wa pili wa jengo, anachobaki nacho machoni ni kamba ya waya tu. Dereva wa tipa au gari la zege naye ana eneo kubwa nyuma ya bodi ambalo vioo vya pembeni havilifikii. Taasisi ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, inaeleza kwamba karibu robo ya vifo vyote vinavyosababishwa na magari sehemu za kazi hutokea gari likiwa linarudi nyuma.

Kanuni za msingi

Mtu anayetoa ishara kwa kreni moja kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Wawili wakipunga mikono pamoja, opereta hana njia ya kujua amtii nani. Isipokuwa ishara ya kusimama: hiyo inaweza kutolewa na mtu yeyote anayeona hatari, hata mpishi wa saiti, na opereta analazimika kuitii bila kuuliza cheo cha aliyeitoa.

Mawasiliano yakikatika, kazi husimama. Opereta asiyemwona mtoa ishara wake, au asiyemsikia redioni, husimamisha mzigo pale pale mpaka wapatane tena. Katika kanuni za Marekani, kulia na kushoto huhesabiwa kwa upande wa opereta, si wa mtoa ishara. Kuchanganya pande hizo huwanasa wengi wanaoanza, kwa kuwa wawili hao kwa kawaida hutazamana.

Mtoa ishara hapaswi kushika kazi nyingine wakati huo huo. Husimama anapoonekana waziwazi, nje ya njia ya mzigo, na kamwe si kati ya mzigo na ukuta. Mzigo haupitishwi juu ya vichwa vya watu.

Ishara za mikono

Mifumo miwili ndiyo iliyoandikwa kwa kina zaidi. Wa Ulaya umo katika Agizo la Umoja wa Ulaya namba 92/58 la mwaka 1992, ambalo Uingereza ililiingiza katika kanuni zake za mwaka 1996. Wa Marekani hufuata viwango vya ASME B30.5 na umeingizwa katika kanuni za shirikisho za kreni za mwaka 2010.

Kunyanyua na kushusha hufanana sana katika mifumo yote miwili. Kwa Ulaya, mkono wa kulia huelekezwa juu, kiganja kikitazama mbele, na huzungushwa polepole: nyanyua. Ukielekezwa chini na kuzungushwa: shusha. Mmarekani hufanya vivyo hivyo kwa kidole cha shahada, akichora miduara midogo.

Tofauti ipo kwenye kusimama. Kwa Ulaya, simama ni mkono wa kulia juu, kiganja mbele, bila kuzungusha. Hatari au simama ya dharura ni mikono yote miwili juu, viganja mbele. Kwa Marekani, simama ni mkono mmoja ulionyooshwa ubavuni, kiganja chini, ukipungwa mbele na nyuma. Ya dharura ni mikono yote miwili ikipungwa namna hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba katika mfumo wa Ulaya kinachotenganisha “nyanyua” na “simama” ni mzunguko wa mkono peke yake, jambo linalodai mwanga mzuri na macho makini.

Ishara nyingine zinazotumika sana:

Mkono wa kreni uinuke: mkono umenyooshwa ubavuni, dole gumba juu (Marekani).
Mkono wa kreni ushuke: vivyo hivyo, dole gumba chini (Marekani).
Kwenda mbele: mikono imekunjwa, viganja juu, ikivutwa polepole kuelekea mwilini (Ulaya).
Kurudi nyuma: mikono imekunjwa, viganja chini, ikisukumwa mbali na mwili (Ulaya).
Kazi imekwisha: viganja vimeshikanishwa mbele ya kifua (Ulaya).

Uchina ina kiwango chake, GB 5082 cha mwaka 1985, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2019. Pamoja na mikono, toleo la 1985 lilihusisha bendera na filimbi. Kiwango cha kimataifa ni ISO 16715 cha mwaka 2014.

Redio

Kwenye majengo marefu redio imechukua nafasi kubwa ya mikono. Kanuni za Marekani zinataka redio zijaribiwe kabla ya kazi, ziwe na mkondo wao usioingiliwa na wengine, na opereta asikie bila kushika kitu mkononi. Kila agizo lina sehemu tatu kwa mpangilio: kitendo na mwelekeo, umbali au mwendo, kisha amri ya kusimama. Kwa mfano: “Shusha, mita tano, nne, tatu, mbili, moja, simama.” Ukimya katikati ya hesabu huchukuliwa kuwa amri ya kusimama.

Magari

Saiti iliyopangwa vizuri hupunguza haja ya kurudi nyuma kwa kuweka njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea, na kutenga njia ya waenda kwa miguu. Pale isipowezekana kuepuka kurudi nyuma, mwelekezaji husimama upande wa dereva, nyuma kidogo, akionekana kwenye kioo. Akitoweka kiooni, gari linasimama. Marekani inakataza mtambo wenye kizuizi cha kuona nyuma kurudi nyuma bila king’ora au mtu wa kutoa ishara.

Utingo wa malori ya mchanga wana lugha yao iliyozoeleka: “rudi, rudi, kata kushoto, nyoosha, haya basi,” pamoja na kupiga bodi kwa kiganja. Huelewana vizuri na madereva wao. Udhaifu wake ni kwamba kofi la bodi halisikiki mtambo wa kuchanganya zege unaponguruma, na anayelipiga huwa amesimama mahali pa hatari kuliko pote.

Nyaya za umeme

Kwa nyaya zisizozidi kilovolti 50, kanuni za Marekani zinaweka umbali wa angalau mita 3. Nyaya za usambazaji za kilovolti 11 na 33 zinazopita mitaani Tanzania zimo katika kiwango hicho cha volti. Kazi ya mtoa ishara hapa ni kutazama nafasi iliyopo kati ya waya na kreni pamoja na mzigo wake.

Mavazi

Mtoa ishara huvaa rifleketa au kofia ngumu ya rangi kali inayomtofautisha na wengine. Agizo la Ulaya linapendekeza rangi moja isiyovaliwa na mtu mwingine saiti.

Sheria

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unahusu usalama na afya katika ujenzi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa usalama kazini wa nchi hiyo, OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 na kanuni za ujenzi za mwaka 1984. Marekani inataka mtoa ishara afaulu mtihani wa maswali na wa vitendo kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi.

Umuhimu wa sasa

Miradi mikubwa ya Afrika Mashariki imejengwa na makandarasi wa nchi mbalimbali: vipande kadhaa vya reli ya kisasa ya Tanzania na Waturuki, bwawa la Julius Nyerere na Wamisri, daraja la Kigongo–Busisi na Wachina. Opereta anayehama kutoka mradi mmoja kwenda mwingine huenda akakuta ishara tofauti za kitendo kile kile. Kwa hiyo ishara zinapaswa kukubaliwa kati ya opereta na mtoa ishara kabla ya mzigo wa kwanza kunyanyuliwa, na ya kwanza kukubaliwa iwe ile ya kusimama.