Ngitili: msitu wa Usukuma ulioota kwa kulindwa

Kila mwaka nchi yetu hupanda miti mingi sana. Mgeni rasmi hushika jembe, ngoma hupigwa, picha hupigwa, halafu mche huachwa pale pale ukiwasubiri mbuzi. Laiti miche yote iliyopandwa kwa hotuba ingeshika mizizi, leo Tanzania nzima ingekuwa msitu mnene. Juma hili, ndugu msomaji, nataka tuzungumzie miti ambayo haikupandwa na mgeni rasmi yeyote, na tuwazungumzie watu walioifanya iote. Kwa ajili hiyo hatuna budi kwenda Bariadi.

Bariadi leo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ukiiondoa Busega, iliyotoka Mkoa wa Mwanza, eneo lote lililobaki lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Kwa hiyo nitakapotaja Shinyanga ya zamani, fahamu kwamba Bariadi, nchi ya Wasukuma wa Ntuzu, imo ndani yake. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Nyama anayoila mkazi wa Dar es Salaam, kutoka mnada wa Pugu, huenda ililishwa nyasi za huko kabla haijapanda lori.

Nyasi hizo zilikaribia kwisha, na miti ikatangulia. Katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa tupu kiasi kwamba mkoa ule ulipewa jina la Jangwa la Tanzania. Akina mama walichoma kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba kwa kukosa kuni. Mvua ilipokuja ilichukua udongo na kuupeleka mitoni.

Je, jangwa hilo lililetwa na nani? Jibu jepesi, ambalo maofisa wengi walilipenda, ni kwamba Msukuma ana ng'ombe wengi na hajui kutunza ardhi. Historia inasema vingine. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliamua kupigana na mbung'o, ambaye huua ng'ombe kwa nagana na binadamu kwa malale. Mtaalamu wake mkuu, C. F. M. Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alifanya Shinyanga kuwa kituo chake. Watemi waliagizwa kutoa watu, na maelfu ya wanakijiji wakaingia porini na mashoka kufyeka vichaka. Mbung'o walirudi nyuma kweli. Vichaka navyo vikaondoka, na mahali pake pakaingia watu, ng'ombe na mashamba.

Halafu ikaja pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ilikuwa nzuri, vyama vya ushirika vikashamiri, na kila mwenye nguvu alifyeka ekari zaidi. Faida ya pamba ilinunua ng'ombe, kwa maana ng'ombe ndiye benki ya Msukuma, na ng'ombe wakahitaji malisho kwenye ardhi ambayo tayari ilikuwa imelimwa. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Nia ilikuwa kuokoa ardhi, lakini njia iliyotumika ilikuwa amri: punguza mifugo, lima matuta, usipofanya unalipa faini. Watu waliichukia mipango hiyo, na chuki hiyo ilikuwa moja ya kuni zilizowasha moto wa siasa za uhuru kanda ya ziwa.

Lakini Wasukuma walikuwa na sheria yao kabla ya zote hizo, nayo inaitwa ngitili. Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi hukua, hukomaa na kukauka zikiwa zimesimama, mfano wa chakula kilichowekwa ghalani. Kiangazi kinapopamba moto na malisho ya nje yamekwisha, ngitili hufunguliwa, tena kwa vipande. Kipande hiki kikimalizwa, ndipo mifugo huhamia kingine. Ndama, ng'ombe wazee na maksai wa kulimia hupata cha kula mpaka mvua zirudi. Zipo ngitili za mtu na familia yake, na zipo za kijiji kizima.

Ngitili haina senyenge. Uzio wake ni maneno ya watu. Zamani aliyeyasimamia alikuwa mtemi na wanangwa wake, pamoja na baraza la wazee. Mwaka 1963 serikali huru iliondoa utawala wa watemi kisheria, na sina haja ya kubisha sababu zake. Ila mlinzi wa ngitili naye aliondoka siku hiyo, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji. Kaya zilihamishwa kutoka kwenye maboma yao, ambako kila familia iliijua mipaka ya ngitili yake, zikapangwa katika vijiji vipya. Ngitili ya babu ikabaki nyuma bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe hugeuka kuwa cha kila mtu, na cha kila mtu hukatwa na kila mtu. Hapakupita miaka 15, jangwa likawa limebisha hodi.

Mwalimu Nyerere alipozuru Shinyanga karibu na mwisho wa urais wake, hali aliyoikuta ilimshtua. Kutokana na hapo ulizaliwa mradi ulioanza kazi mwaka 1986 kwa jina la Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Serikali ya Norway iliusaidia kwa fedha, na baadaye kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, chenye makao Nairobi, kiliushauri kitaalamu.

HASHI ilikuwa na kaka mkubwa. Dodoma ulikuwapo mradi wa HADO tangu mwaka 1973, na mwaka 1979 mradi huo uliondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani yalirudi Kondoa, hilo halina ubishi. Lakini mfugaji aliambiwa aondoke na ng'ombe wake, naye hakuulizwa lolote. Kufanya hivyo Usukuma, mahali ambapo ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni heshima, kungekuwa kuwasha moto mwingine.

Mwanzoni HASHI nayo ilifanya kile ambacho mabwana misitu wamefundishwa: vitalu, miche na miti ya kigeni kama mikaratusi. Wanakijiji walipokea miche kwa adabu, wakaiacha. Mchwa, jua na mbuzi wakafanya yaliyobaki. Hapo, ndugu msomaji, ndipo watumishi wale walipofanya jambo ambalo ni nadra katika utumishi wetu. Waliacha kugawa, wakaanza kuuliza. Waliketi na wazee, wakazunguka nao kijijini kuangalia udongo na makorongo, wakawauliza zamani mlifanyaje. Jibu lilikuwa neno moja: ngitili.

Kwa mtaalamu mwenye cheti chake, hilo si jambo dogo. Ni kukiri kwamba mzee asiyejua kusoma ana sehemu ya somo ambayo chuo hakikuifundisha. Tena kulikuwa na sababu ya kisayansi. Chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, visiki vya migunga na miti mingine vilikuwa hai, na mbegu zilikuwa zimelala. Mche wa kitalu una mizizi ya shubiri moja. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye maji. Ukikilinda kisipate meno ya mbuzi wala shoka, kinachipua chenyewe. Kazi iliyobaki ni ulinzi, na ulinzi ni kazi ya watu.

Watumishi wa mradi walikuwa wachache na mkoa ni mkubwa. Walipita vijijini na sinema, maigizo na mikutano, wakawapeleka wanakijiji kuona kwa macho yao mahali ambapo ardhi ilikuwa imepona. Lakini walinzi wenyewe hawakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Walikuwa sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na ambalo lilikuja kutambuliwa kisheria mwaka 1989. Walikuwa wazee wa dagashida, mkutano wa jadi unaotunga kanuni na kuamua kesi. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alitozwa faini ya kimila iitwayo mchenya. Akikataa, alitengwa, na Usukuma mtu aliyetengwa na majirani amekwisha. Hana wa kumsaidia kulima wala kuzika.

Matokeo yake yanasomeka kwa tarakimu. Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika katika mkoa mzima zilikuwa hekta 600 hivi. Hesabu ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizikuta ngitili zaidi ya 18,000, zenye zaidi ya hekta 350,000, katika vijiji 833. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, malisho, dawa, asali, matunda na uyoga, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Watafiti walihesabu aina zaidi ya 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na ndege wa aina zaidi ya 140. Mama aliyekuwa akipoteza nusu siku akitafuta kuni alirudishiwa saa zake.

Nisiipake HASHI rangi ya malaika. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alifaidi zaidi kuliko kaya yenye ekari mbili na mbuzi wanne. Wapo waliofunga ngitili kubwa, kisha wakawauzia wenzao malisho. Mjane asiye na eneo lake alitegemea ngitili ya kijiji, na hizo za kijiji zilikuwa chache mno zikilinganishwa na za watu binafsi. Jambo hilo linatuhusu hata leo.

Mradi ulifikia mwisho wake mwaka 2004, baada ya miaka 18. Wafadhili wakarudi kwao, watumishi wakapangiwa kazi nyingine. Kilichobaki ni ngitili na wenyewe. Ndipo penye swali langu la juma hili: je, tumewaachia nini mkononi?

Nalisema hili kwa sababu Simiyu ya leo imebanwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Hao wote wanahitaji shamba, kuni na mahali pa kujenga. Mkoa unaongoza kwa pamba nchini, na pamba hudai ekari. Baba akifariki, ngitili yake hugawanywa kwa wana, na kipande cha kila mmoja huwa kidogo mno kufungwa, hivyo hulimwa. Ngitili ya kijiji nayo humezwa mita kwa mita na jirani mwenye plau, na mwenyekiti wa kijiji huona haya kumkemea aliyempigia kura.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji haki miliki ya kimila yenye hati, na kijiji kinaweza kutenga ardhi ya pamoja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuusimamia. Lakini sheria iliyoko kabatini haimzuii mbuzi. Inahitaji kijiji kipimwe, mpango wa matumizi ya ardhi uandikwe, na sheria ndogo zipitishwe na halmashauri. Kazi hiyo ina gharama, na kijiji hakiwezi kuibeba peke yake.

Siku hizi fedha za mabadiliko ya tabianchi zimekuwa wimbo wa kila semina. Simiyu yenyewe imepata sehemu yake: mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa huo, na ni jambo jema. Nashauri kwamba palipo na fedha za bomba pasikosekane fedha za kupima ngitili. Maji na miti ni ndugu wa tumbo moja. Na ngitili za kijiji zipewe kipaumbele, kwa maana ndizo za mjane na za kijana asiye na urithi.

Karne nzima tumewaendea watu wa Usukuma na amri: fyeka, punguza, lima matuta, hama. Mara moja tu, watumishi wachache wa mradi mmoja waliwaendea na swali, na miti ikaota. Sasa wanakijiji hao ndio wanaouliza. Wanauliza hati iko wapi, mipaka iko wapi, na nani atasimama nao siku mwenye plau atakapoingia. Ofisi ya halmashauri inayowajibu kwamba fungu halijatoka ijue kuwa plau haingoji fungu.