Kokoto za kwenye akwariamu zilianzia wapi, na kwa nini ukizitoa vibaya vifaranga wanakufa

Leo nani kaachana na nani tunaweka pembeni kidogo, tunaingia kwenye maji.

Kuna mdada mmoja maarufu hapa Iringa, simtaji, wenyewe mnamfahamu kwa picha za sebule yake. Ana akwariamu kubwa yenye samaki wa njano wa Ziwa Nyasa. Juzi kaona kokoto zimepitwa na wakati, siku hizi fasheni ni kioo kitupu chini. Kazitoa zote kwa mchana mmoja, na samaki walikuwa wamezaa. Siku ya tatu vifaranga walikuwa wanaelea. Watu wakasema kijicho, wengine wakasema maji ya bomba. Mimi nasema ni historia, na nitaeleza.

Mwaka 1849 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alichukua chombo cha kioo, akaweka mchanga, matope na mawe chini, akapanda jani la majini, akatia samaki wawili wa dhahabu. Alitaka kujua kama wanaweza kuishi bila maji kubadilishwa kila siku. Mwanzo mambo yalienda, halafu majani yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utelezi ukajaa. Ndipo akaongeza konokono wa majini wale uchafu ule, na chombo kikatulia. Mwaka 1850 akawasomea wanakemia wenzake matokeo. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake cha The Aquarium. Wazungu wakachizika, kila sebule ya mwenye hela ikataka kioo cha samaki.

Kwa hiyo zile kokoto mwanzoni zilikuwa kuiga mto tu. Yaani kama wewe uchote kokoto za Ruaha Mdogo pale Ipogolo uweke nyumbani, chini paonekane kama mtoni.

Kilichokuwa kinafanyika ndani ya kokoto kilikuja kueleweka vizuri miaka kama 40 mbele, pale Sergei Winogradsky alipowatenga bakteria wanaobadilisha amonia. Hapa msome taratibu. Samaki anatoa amonia, kwenye mkojo wake na zaidi kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia pia. Amonia ni sumu. Bakteria wa kundi moja wanaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi. Hawa bakteria hawaelei elei, wanang'ang'ania juu ya kitu. Na kitu chenye nafasi kubwa ya kushikia ni kokoto, maana kila kijiwe kina ngozi yake.

Katikati ya karne ya 20 wafugaji wakaligeuza hilo kuwa mtambo. Wakaweka sahani yenye matundu chini ya kokoto, pampu ya hewa ikawa inavuta maji yapite katikati ya mawe. Kuanzia hapo kokoto zikawa figo za akwariamu, pambo likawa jambo la pili. Sasa wewe toa figo mchana mmoja halafu subiri mgonjwa akushukuru.

Na wa kwanza kuondoka ni vifaranga. Samaki mkubwa anaweza kuyumba siku mbili akapona, kifaranga wa saizi ya punje ya mchele hana akiba hiyo. Halafu ukikoroga kokoto za muda mrefu unafumua uchafu uliolala chini, ule unaonuka kama yai viza, wote unapanda kwa mpigo.

Samaki wa Nyasa wana jambo jingine. Wengi wao mama anatamia mayai mdomoni, wiki tatu hivi, na muda huo hali au anakula kidogo sana. Akiwatema, wanakimbilia kwenye mianya ya mawe. Kwa hiyo ukizamisha mkono kuchota kokoto, unachota na watoto waliojificha humo.

Kama ni lazima uzitoe, nenda hivi. Kabla ya yote, hakikisha kuna filta nyingine ya sponji iliyokaa humo mwezi au zaidi, ili bakteria wawe na nyumba ya pili. Toa robo tu ya kokoto kwa wiki. Vifaranga watoe kwa kikombe, siyo kwa wavu, uwaweke kwenye beseni lenye maji yale yale ya akwariamu na hewa ikiingia. Uchafu unyonye kwa mpira, kama wanavyonyonya mafuta kwenye tanki la gari, mdomo wa mpira umeufunga soksi nyembamba ili mtoto asipite. Chakula siku hizo kipunguze. Maji mapya yalaze usiku kucha, klorini itoke, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai yapashe kidogo kabla ya kumimina. Maji ya bomba ya saa kumi na mbili asubuhi hapa Iringa hata wewe hunawi bila kulalamika!

Mnaweza kusema ni samaki tu, atanunua wengine. Sawa, ila waulizeni watu wa Mwanza habari za furu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ilipofika miaka ya 1980 akajaa, na aina za furu zinazokadiriwa kufika 200 zikapotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa Mwanza toka 1977, wakaona zinaisha mbele ya macho yao. Baadhi ya aina zikabaki kwenye matenki ya Ulaya na Marekani, na furu nao wanatamia mdomoni. Kwenye tenki la namna hiyo, kifaranga akifa kwa amonia huna pa kumnunua mwingine.

Na siyo mbali hivyo. Pale Rungwe kuna Ziwa Masoko, lile la volkeno ambalo wazee wanasema Wajerumani walizamisha hela zao. Watu wanatafuta hela, wanasayansi walitafuta samaki. Mwaka 2015 jarida la Science lilitoa utafiti wao, wakiwemo wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI. Ziwa lina upana wa mita 700 hivi tu, lakini ndani yake samaki wa aina moja wanagawanyika kuwa wawili, madume wa njano wanakaa pembeni, wa bluu wanakaa chini kwenye giza. Mgawanyiko wenyewe una miaka isiyozidi 1,000 hivi. Ukishuka Tukuyu, shika njia ya Ipinda, utalikuta.