Karani wa Nantucket, Babu Mzaa Mama wa Benjamin Franklin

Mwaka 1758 Benjamin Franklin, ambaye siku zile alikuwa London akilitetea baraza la Pennsylvania, alifunga safari pamoja na mwanawe William mpaka kijiji cha Ecton, katika jimbo la Northamptonshire, akaomba afunuliwe daftari la kanisa ambamo ndoa, ubatizo na mazishi ya wanakijiji yalikuwa yakiandikwa tangu mwaka 1555. Humo akaiona nasaba ya wazee wake wa kuumeni, akatambua ya kuwa yeye ni mwana wa kiume wa mwisho, aliyezaliwa na mwana wa kiume wa mwisho, na hivyo hivyo kwa vizazi vitano. Makaburi ya jamaa zake yalikuwa yamefunikwa na kuvu, basi mtumwa wake aitwaye Peter akayasugua hata maandishi yakadhihiri, naye William akayanakili. Jina la mtumwa huyo na la babu yule nitakayemtaja sasa ni moja, na mtumwa hakuwa na daftari la kumwonyesha wazee wake.

Ami yake Franklin, Thomas, alikuwa mwandishi wa hati, mtu wa mbele katika kila shauri la manufaa ya watu wa Ecton. Walakini anayetaka kujua ni katika shina gani Franklin alirithi hima ya kuwatumikia raia, hata akaanzisha maktaba mwaka 1731 na kikosi cha zimamoto mwaka 1736, asikomee kuumeni. Na avuke bahari arudi Marekani, katika kisiwa cha Nantucket, amtafute Peter Folger.

Folger alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1617, akavuka kwenda Massachusetts mwaka 1635. Yasimuliwa kwamba alimpenda kijakazi wa mkataba aitwaye Mary Morrill, aliyekuwa akimtumikia kasisi Hugh Peter wa Salem (mji ule ule ambao karne mbili baadaye merikebu zake zilituletea Unguja zile nguo za amerikani), akatoa pauni 20 kumkomboa, kisha akamwoa mwaka 1644. Wakahamia kisiwa cha Martha's Vineyard kwa Thomas Mayhew, mmiliki wa visiwa vya huko, na hapo Folger akajifunza lugha ya Wawampanoag, wenyeji wa asili, akawasomesha watoto wao.

Mwaka 1659 Mayhew aliwauzia walowezi kisiwa cha Nantucket kwa pauni 30 na kofia mbili za ngozi ya biva. Watu hao, madhali hawakujua lugha ya wenyeji wala hawakuwa na mafundi wa kutosha, walimwita Folger mwaka 1663 wakampa nusu ya fungu la ardhi kwa sharti awe mkalimani, msagishaji wa nafaka na mfumaji. Upimaji wa mashamba nao ukamwangukia. Baadaye akawa karani wa mahakama, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Wenye mafungu kamili, wakiongozwa na Tristram Coffin, walitaka neno lao liwe ndilo neno. Mafundi wenye nusu fungu, wakiongozwa na John Gardner, wakadai haki sawa. Folger alikuwa upande wa mafundi, na daftari la mahakama lilikuwa mikononi mwake. Alipoamriwa kulitoa alikataa, akafungwa Februari 1677, naye amekaribia miaka 60. Katika barua yake kwa gavana wa New York, ambaye kisiwa kile kilikuwa chini ya amri yake, alilalamika kwamba alitiwa mahali palipolala nguruwe wa jirani usiku uliotangulia, katika baridi kali na theluji nyingi. Kifungo kilizidi mwaka mmoja.

Mwaka uliotangulia kifungo hicho alikuwa amekwisha tunga mashairi ya kuwalaumu watawala wa Massachusetts kwa kuwadhulumu Wabaptisti na Wakweka, akisema vita vya wakati ule baina ya walowezi na wenyeji ni adhabu ya dhuluma hiyo. Akayatia sahihi yake wazi. Mjukuu wake aliyataja kwa fahari alipoandika maisha yake mwenyewe.

Binti wa mwisho wa Folger, Abiah, aliyezaliwa Nantucket mwaka 1667, aliolewa Boston mwaka 1689 na Josiah Franklin, mtengenezaji mishumaa aliyefiwa na mke, akamzalia watoto kumi. Benjamin ni mmojawapo, aliyezaliwa Januari 1706; Folger alikuwa amekufa tangu 1690 na Mary tangu 1704.

Dhurria ya Folger aghalabu humsifu kwa ushujaa wa gerezani, na kwa haki. Lakini utumishi wake ulikuwa na upande wa pili: ukalimani na upimaji wake ndio uliowawezesha walowezi kuandikiana hati za ardhi na Wawampanoag, na kwa hati za namna hiyo ardhi ya kisiwa iliwatoka wenyeji kipande kwa kipande. Anayemwandika katika shajara ya ukoo wake hana budi kuyaandika yote mawili.