Al-Harthi: Jina la Mkulima

Ndugu wana-Pangani wa Tegeta na kwingineko,

Kila mwaka tunapofunga hesabu na kuandaa orodha ya wachangiaji, safu ya jina la ukoo hutuletea kazi. Wapo wanaoandika Al-Harthi kwa herufi kubwa, na wapo wanaoiacha tupu. Tumeona mwaka huu tulieleze jina hilo.

Kwa Kiarabu, "i" ya mwishoni ni alama ya nisba: inaonyesha mtu ni wa kabila au mji gani. Al-Harthi ni mtu wa kabila la Harth, lenye asili ya Sharqiya, mashariki ya Oman. Mzizi wa neno ni kulima. Harith ni mkulima. Ukoo huu ulikuwa na nguvu Unguja, na mwaka 1859 wengi wao walimuunga mkono Barghash dhidi ya nduguye, Sultani Majid. Walishindwa.

Kwetu jina hili linakumbukwa kwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani. Mwaka 1888, kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika forodha na kupandisha bendera yake, yeye aliongoza upinzani wa pwani. Mei 1889 Wissmann alilivunja boma lake karibu na Bagamoyo, huko huko inakoelekea barabara yetu ya Tegeta. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani.

Lakini hesabu ina pande mbili. Mashamba yale ya miwa yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Wao ndio walioshika jembe, na hawakuwa na nisba. Wengi walibaki na jina walilopewa na bwana, kama Mabruki au Faraji. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Wajukuu wao tunakaa nao kikao kimoja, na baadhi ya safu tupu zina historia hiyo. Kama harith ni mkulima, basi maana ya jina inawahusu wao kwanza.

Kwa hiyo fomu ya mwaka huu haina tena safu ya ukoo. Andika majina yako matatu na mtaa au kijiji ulichotoka. Risiti ya mchango wa madawati itatoka kwa majina hayo, na orodha itasomwa kwa mpangilio wa alfabeti, bila mkubwa wala mdogo.

Tunawasubiri.